Swaleh Alifungwa kwa Damu ya Kuku

Siku ya tatu ya matanga ya Swaleh tulikuwa watu sita katika chumba cha mbele, pale Mashimoni, Kibera, na nitawataja wote ili asiyekuwepo asije akasema alikuwepo. Alikuwepo Rehema, binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga. Alikuwepo Zuhura, mjane wake Swaleh, amejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Alikuwepo Fatuma, dada mdogo wa Swaleh, aliyekuja kutoka mtaa wa Olympic akiburuta mguu wake mbaya. Alikuwepo Nekesa, mwanangu wa kwanza, aliyenishika mkono tangu Kawangware kwa sababu magoti yangu hayataki tena ule mteremko. Alikuwepo Meli, binti wa Nekesa, anayesuka watu nywele pale Kawangware 46 na kujua mambo yote ya dunia isipokuwa yaliyotokea kabla hajazaliwa. Na mimi, Mama Nekesa, niliyekuwa mpangaji wa mama yao Swaleh na Fatuma, Hajat Zamzamu, Mungu amrehemu, chumba cha tatu ukihesabu kutoka chooni.

Tulikuwa tunakula gurusa, ule mkate mwembamba wa Wanubi, na maharagwe ya nazi. Maneno yalikuwa ya kawaida ya matanga, nani amekuja, nani amejifanya mgonjwa. Rehema akasema, "Baba ulikuwa ukimwita kutoka kushoto hasikii kitu. Alituambia ni surua ya utotoni." Fatuma akaweka kikombe chini kwa nguvu hadi chai ikamwagika. "Surua gani? Swaleh hajawahi kuugua surua. Muulize Mama Nekesa. Yeye alikuwepo." Wote wakanigeukia. Nikajua kwamba Swaleh ameondoka duniani bila kumwambia mtoto wake, na kwamba kazi hiyo ameniachia mimi, mtu ambaye labda ndiye hakupaswa kuachiwa. Nikawaambia. Sasa naandika nilivyowaambia, na nitakapokuwa na hasira mtanisamehe, kwa sababu hasira hii nimekaa nayo miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu na mtoto mmoja mgongoni. Chumba chetu kilikuwa cha udongo na mabati, futi kumi kwa kumi, kitanda upande huu, jiko la makaa upande ule, na pazia la maua katikati ambalo Swaleh mwenyewe alilishona kwa cherehani ya bwana aliyekuwa akimfundisha ushonaji. Siku moja ya Alhamisi, saa kumi jioni, mkwe wangu akatokea mlangoni na mfuko wa mahindi. Baba wa mume wangu. Hakuna aliyetuambia anakuja. Na Baba Nekesa, mume wangu, alikuwa kazini Industrial Area hadi saa tatu usiku.

Wale wasio wa kwetu wanielewe vizuri hapa. Kwetu mke haketi chumba kimoja na baba mkwe akila. Hampi mkono. Hamwangalii usoni. Na jina lake halitaji, hata akiwa peke yake, hata akimwombea. Ni heshima tu, kama wengine wanavyovua viatu. Huko nyumbani nafasi ni kubwa, unampelekea chakula mtoto anakibeba, wewe uko jikoni kwako. Lakini Mashimoni chumba ni kimoja! Nikatoka nje na Nekesa mgongoni, nikasimama uani kama mtu aliyefukuzwa kwake. Hajat akaniona. Akacheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu, leo umekimbia nyumba? Umeona nyoka?" Nikamwambia, "Si nyoka, Hajat. Ni baba ya Baba Nekesa." Akaacha kucheka, akafunga vizuri gurbaba yake, lile vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, akaenda kumsalimia mzee kwa salamu zile za Wanubi ambazo haziishi, habari ya safari, habari ya mvua, habari ya ng'ombe, habari ya waliobaki. Wakatajiana majina. Kisha akamwita mwanawe. "Swaleh! Nenda ukakae na mzee, dada yako hawezi."

Kwa hiyo Swaleh, kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyemkaribisha mkwe wangu. Nilikuwa na jogoo mmoja. Nikamwomba Swaleh amchinje yeye, ili nyumba ya Hajat, ambao ni Waislamu, nao waweze kula, maana mimi nikichinja mwenyewe nakula mwenyewe. Akachinja nyuma ya bafu, jogoo akapiga mabawa, damu ikamrukia mkono wa shati. Nikapika kwa Hajat. Swaleh akabeba maji ya kunawa, akabeba sufuria, akampa mzee firigisi kama nilivyomwagiza, akala naye, wakaongea habari za mpira na za vita ambavyo babu yake Swaleh alipigania Wazungu. Nilikuwa nawasikia kutoka ng'ambo ya ukuta. Mzee alikuwa akisema, "Kumbe nyinyi ni watu wazuri, mimi niliambiwa Kibera ni wezi tupu." Na Swaleh akamjibu, "Wezi wapo, mzee, lakini leo wamepumzika." Hakutoka pale hata mara moja, tangu saa kumi hadi mume wangu alipoingia saa tatu. Mzee alilala kwa Hajat. Asubuhi Baba Nekesa akamsindikiza kupanda basi la kurudi nyumbani, na kutoka huko akapitiliza kazini.

Jioni ile ile ya mgeni, wakati wa magharibi, mtu alimpiga Mutiso, mlinzi wa duka la mbao karibu na reli, rungu la kichwa. Akazimia, duka likavunjwa. Asubuhi polisi wakashuka Mashimoni, wakikamata yeyote aliyekuwa na uso. Wakamkuta Swaleh kwenye bomba la maji na lile shati lenye damu ndani ya karai, anataka kulifua.

Koplo aliyemleta nyumbani aliitwa Cosmas. Alikuja na askari wawili, Swaleh katikati amefungwa pingu, shati limekunjwa ndani ya gazeti. Hajat alikuwa chumba cha mbele anachambua mchele, mimi niko naye. Hawakubisha hodi. Hakuna aliyesema hata habari ya asubuhi. Koplo aliingia na buti zake akakanyaga mkeka ambao Hajat alikuwa ameswalia, ukiwa bado umetandikwa, akasimama juu yake kama amesimama barabarani. Hajat aliutazama ule mkeka, akaendelea kuchambua mchele.

"Nani Mama Nekesa?"

"Ni mimi."

"Ni mimi, afande! Simama ukiongea na serikali."

Nilikuwa nimesimama tayari.

"Huyu anasema damu hii ni ya kuku. Anasema alichinja kwako jana."

"Ndiyo, afande. Alichinja jogoo."

"Wewe huna mikono? Unaita mwanaume mwingine akuchinjie?" Askari mmoja akacheka. "Kuku wa nani?"

"Wa mgeni. Swaleh alikaa na mgeni hadi bwana yangu akarudi."

"Mgeni gani?"

"Mzee wetu. Baba ya Baba Nekesa."

"Sijauliza ukoo! Jina lake."

Nikainamisha macho. Kwetu ukizungumza na mkubwa unainamisha macho, ndivyo nilivyofundishwa, na mkono wa mama yangu ulikuwa mwepesi kwa mtoto anayekodolea watu wazima macho. Koplo akanishika kidevu akakiinua. "Niangalie usoni! Mwongo ndiye huangalia chini." Halafu tena: "Jina!"

Hajat akaona nimekwama. Alijua kwa nini, alikuwa ameishi na wapangaji wa kila kabila. Akasema, "Afande, mzee yule mimi nilimsalimia mwenyewe. Anaitwa..."

"Wewe nyamaza!" Akapiga meza kwa rungu, mchele ukaruka ukamwagika kwenye mkeka. "Nimekuuliza wewe? Mama ya mwizi atakuwa shahidi wa mwizi?"

Nataka msome hapo mara mbili. Jina lilikuwa limefika kwenye meno ya yule mama. Kama yule mtu angefunga mdomo kwa muda wa kupiga chafya, angelipata. Halikuwa siri. Mzee hakuwa jambazi, alikuwa mkulima wa mahindi aliyekuja kumwona mjukuu. Lakini Koplo Cosmas hakuja kusikia jina, alikuja kusikika.

Swaleh akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mama Nekesa, sema. Sema tu, tafadhali." Yeye jina hakulijua, alimwita mzee tu. Hakuwa amewahi kuniomba kitu kabla ya hapo. Nikafungua mdomo. Mbele ya Mungu nilifungua. Nilikuwa nimeolewa miaka minne na ulimi wangu ulikuwa haujawahi kupita juu ya jina lile, na sasa nilitakiwa nilitoe mbele ya wanaume watatu wanaonicheka, kidevu changu kikiwa kwenye mkono wa mtu ambaye si mume wangu. Halikutoka. Nilitoa machozi. Koplo akawageukia wenzake. "Mnaona? Mgeni hana jina. Alikula kuku na hana jina!" Akamwambia mwenye daftari, "Andika, mwenye nyumba hamjui mgeni wake." Wakaondoka na Swaleh. Hajat akapiga magoti akaanza kuokota mchele punje kwa punje, nami nikamsaidia.

Ni mpaka wali ulipokuwa jikoni nilipokumbuka kwamba chini ya godoro nina barua ya mzee, na jina lake limeandikwa nyuma ya bahasha, herufi kubwa kubwa. Ningeweza kuitoa tu nikampa! Ndivyo ilivyo ukipigiwa kelele, akili inatoka nje ya nyumba, inarudi wageni wakishaondoka. Nikamfunga Nekesa mgongoni, nikakimbia hadi kituoni na bahasha. Kijana aliyekuwa kwenye kaunta hakuinua hata kichwa. "Sasa ndiyo umekumbuka? Umeiandika hapo nje?" Nikamwambia, "Mimi sijui kuandika vizuri, baba." Akasema, "Basi nani amekuandikia? Tutakuweka ndani pamoja naye." Usiku mume wangu akaja kutoka kazini, nikamweleza. Kesho yake akaenda yeye, mtoto halali wa yule mzee, mwenye ulimi usiozuiwa na kitu. Wakamwambia bibi yake alishasema hamjui mgeni, kwa hivyo sasa wanapanga uongo nyumba nzima, na akirudi tena atakosa kazi. Hakurudi. Nilimlaumu kwa hilo miaka mingi, lakini nami sikurudi.

Swaleh alikaa rumande miezi kumi. Kesi ilikuwa ikiahirishwa, mara faili haipo, mara afisa hayupo. Mutiso mlinzi alipona lakini hakukumbuka chochote. Hajat alikuwa akienda kituoni kila Alhamisi, amevaa gurbaba yake ya heshima, kuuliza kama kuna mtu anaweza kuitazama ile faili. Walimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, mama wa umri wa mama zao. Akirudi alikuwa akija kwangu moja kwa moja, anakaa kwenye stuli karibu na jiko, ananiomba maji. Hakuwahi kunilaumu. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Na Mashimoni wote tulijifunza somo. Watu walijua ni nani aliyempiga Mutiso. Mwenye kioski cha maji alijua, muuza mandazi alijua. Mimi mwenyewe nilikuja kujua mwezi wa pili. Hakuna aliyesema. Ungemwambia nani? Ungeanzaje kumwambia mtu ambaye ukimwambia kuku anakuuliza mikono yako iko wapi? Afadhali mwizi, angalau mwizi alikuwa akitusalimia.

Mwezi wa kumi akaletwa sajini mpya kituoni, mwanamke, jina lake Esta, mtu wa huko mbali kaskazini, mrefu kama mlingoti. Hajat alipofika Alhamisi akaambiwa kwa mara ya kwanza, "Mama, kaa kwenye benchi. Umetoka wapi na jua hili?" Jumamosi yake Sajini Esta akaja Mashimoni kwa miguu, peke yake. Akabisha hodi akangoja. Akavua viatu mlangoni, na soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, nalikumbuka lile tundu kuliko sura yake. Akaulizwa habari, akajibu, akauliza zake. Akanywa chai ya tangawizi hadi ikaisha. Hapo ndipo akasema, "Mama Nekesa, faili inasema humjui mgeni wako. Ni kweli?"

Nikasema, "Si kweli. Namjua."

"Lakini jina hukulisema."

"Sikulisema."

Hakupiga meza. Akanitazama mimi, akamtazama Hajat. "Kuna kitu kinakuzuia?"

"Ni mkwe wangu."

Akacheka! Akapiga paja. "Ai, mama yangu! Kwetu hata mume hatumtaji, tunamwita yule mwenye ng'ombe. Sasa nani hapa ndani anaweza kulisema?"

Hajat Zamzamu akalisema. Alilisema huku analia, la ubatizo na la ukoo, na sajini akaliandika. Chai ilikuwa bado ina moto kwenye birika. Mtu mmoja amekaa miezi kumi kwenye sakafu ya saruji kwa jambo lililomalizika kabla birika halijapoa. Sajini hakuwa ameijua mila yetu kabla ya siku ile. Aliuliza tu. Wala si kwamba alikuwa mpole, kwa sababu baadaye nilimwona akimvuta mlevi kwa ukosi hadi viatu vikabaki nyuma. Kabla hajatoka uani, mwenye kioski cha maji alimfuata nyuma ya choo, akamwambia habari ya Mutiso. Wiki hiyo walimkamata mhalifu mwenyewe. Jina lake nalijua, lakini watoto wake wako hai na hawajamkosea mtu. Mkwe wangu naye akatumiwa ujumbe, akapanda basi akaja mahakamani na koti lake la kanisa, akasimama akasema, "Kuku huyo nilimla mimi, na kijana huyu alininawisha mikono." Swaleh akaachiliwa.

Aliachiliwa nini? Bwana wake wa ushonaji alikuwa amempa cherehani kijana mwingine. Salma, aliyekuwa amemchumbia, alikuwa ameolewa. Na sikio la kushoto lilikuwa limekufa tangu siku ya kwanza, kwa kofi la Koplo Cosmas kule seli, alipomwambia kwa mara ya nne kwamba damu ni ya kuku. Miaka mitatu Swaleh hakunisalimia. Tulikuwa tukipishana kwenye ujia wa upana wa mikono miwili, anageuza uso ukutani. Halafu Nekesa akapata shule, na siku ya kufungua nikakuta sare yake imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu, imeshonwa, imepigwa pasi, vifungo vyote sita. Nikaujua mkono wa Swaleh. Tangu hapo alinisalimia, lakini habari ile hatukuigusa, hata nilipohamia Kawangware, hata nilipomuuguza mke wake kwenye uzazi wa Rehema.

Nilipofika hapo, pale kwenye matanga, Meli akasema, "Lakini shosh, si ungesema tu? Jina ni jina. Mtu anaenda jela, wewe unafikiria mkwe?" Nekesa akamkaripia, nikamwambia amwache. Nimejiuliza hilo tangu mamake Meli alipokuwa mgongoni. Ndiyo, Meli, ningesema. Kosa langu nalibeba na silipunguzi. Lakini mbona kila mtu aliuliza kwa nini mimi sikusema, na hakuna aliyeuliza kwa nini yule hakusikia? Juzi juzi hapa Kawangware polisi wametuita kwenye baraza, bosi wao ana nyota begani, amesimama saa nzima juani anatugombeza. Wananchi hamshirikiani na sisi. Wananchi mnaficha wahalifu. Kuna mama mmoja mbele yangu aliyeinua mkono mara tatu kutaka kusema kitu, akaambiwa maswali ni mwisho, na mwisho ulipofika gari lilikuwa limeshawashwa. Yule mama alirudi nyumbani na alichojua. Sikumuuliza ni nini. Wana magari sasa, wana redio, wana kompyuta. Habari zimejaa mtaani, watu wanaziweka kwapani kama wanavyoweka kitambulisho, na zitabaki hapo kwapani.

Rehema muda wote alikuwa akikunja kipande cha gurusa, anakikunja, anakikunjua. Mwisho akaniuliza, "Na huyo Cosmas? Walimfanya nini?"

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Nikamwambia ukweli. Alipandishwa cheo. Akapewa kituo chake mwenyewe, akastaafu, wakampigia makofi. Rehema akasimama. Nilidhani atatoka nje, lakini alikuja akaketi kando yangu, upande wa ukuta. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Akasema, "Haya, Mama Nekesa. Nianzie tena pale mzee alipofika na mahindi. Taratibu. Nataka kuyashika yote, niwaambie watoto wangu sikio la babu yao liliuawa, halikuugua." Nikaanza tena. Fatuma akaongeza makaa.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Shule niliiacha darasa la tatu, sikuandika popote wakati ule, nimeyahifadhi kichwani tu, na kichwa ni cha mtu mzee. Huenda ilikuwa Jumatano na si Alhamisi. Huenda askari walikuwa watatu, na huenda Mutiso alikuwa mlinzi wa duka la vyuma na si la mbao. Kama ulikuwepo Mashimoni mwaka ule, au mama yako alikuwepo akakusimulia, njoo Kawangware 46 uulize Mama Nekesa, uniambie nilipokosea, nitarekebisha bila kinyongo. Majina nirekebishe, siku nirekebishe. Hasira usiiguse. Hiyo sijaikosea.